Kiwanja cha Kumi

Ninyi vijana mnaouza viwanja kwa simu mmenizoea. Mkiniona napita na fimbo mnaniita "mzee wa hatua", mnacheka, kisha mmoja wenu ananiuliza zamani tulikuwa tunapimaje bila mashine. Nikianza kujibu simu inalia, mteja anatafuta chumba masta chenye maji ndani, nanyi mmeshaondoka. Basi nimeamua kuwaandikia. Karatasi haikatishwi maneno na simu.

Tulikuwa tunapima kwa miguu. Na miguu yangu mimi, Yona, ndiyo iliyomtoa Bi Hadija kwenye nyumba yake mwezi uliopita. Nalisema mapema ili asiyetaka habari za huzuni aachie hapa hapa, akaendelee kupiga picha sebule za watu.

Kabla mji haujavimba, kiwanja cha ishirini kwa ishirini maana yake ilikuwa hatua ishirini za mtu mzima mbele, na ishirini ubavuni. Mtu mzima yupi? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Muuzaji alitaka apime mtu mfupi, mnunuzi alitaka apime mtu mrefu. Nimewahi kuona mnunuzi akija na shemeji yake aliyemtoa Singida kwa basi, jamaa mrefu kama nguzo ya umeme, hana kazi nyingine siku hiyo ila kutembea hatua themanini na kurudi kwao. Muuzaji naye akamleta mama yake mzazi. Walibishana mpaka jua likazama, kiwanja hakikuuzwa.

Mimi Mungu alinipa miguu ya mbuni. Wanunuzi walinipenda kwa hilo. Walikuwa wakinitafuta kwa jina, "tunamtaka Yona atupimie," nami nikavimba kichwa. Kijana akisifiwa kitu ambacho hakukitolea jasho huwa anaharibika haraka, na mimi niliharibika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Mwajuma wa Chang'ombe ya hapa Dodoma, mama mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa dalali wa vyumba kabla hajahamia kwenye viwanja. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ukiwa upande wa mnunuzi upime asubuhi, umeshiba kiporo cha ugali, na ukiwa upande wa muuzaji usubiri jua la saa nane, ujikokote. Alikuwa akilisema hilo huku anacheka, lakini nilimwona akilifanya.

Alinifundisha na mengine ambayo bado yanafaa, hata kama ninyi mna vindege vya kupiga picha kutoka juu. Nyumba usiikague kiangazi. Dodoma ya mwezi wa tisa kila ukuta ni mzuri. Ngoja mvua za Januari uone msingi unavyolia. Ukitaka kujua maji yanapita wapi usimwulize mwenye nyumba, mwulize anayefagia uwanja. Onja maji kabla hujayasifia, maana kuna mitaa ukichemsha maharage huhitaji kutia chumvi. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka, na sakafu inapasuka nao, kwa hiyo ukikuta nyumba mpya imetandikwa zulia mpaka jikoni, inua zulia.

Na kubwa kuliko yote lilikuwa hili. "Yona," aliniambia, "shamba lipime mwenyewe. Hata likiwa la baba yako mzazi, litembee mwanzo mpaka mwisho kabla hujauza hatua moja."

Nilimwitikia kama mnavyoniitikia ninyi. Ndiyo Bi Mwajuma. Sawa Bi Mwajuma.

Mzee Malogo alikuwa mkulima wa zabibu na uwele upande wa njia ya Chamwino, Mgogo mwenzangu, rika la baba yangu. Wizara za kwanza zilipoanza kuhamia, zamani hizo, kila mtu akataka ardhi upande ule, na yeye kwa muda mrefu alikuwa akiwafukuza madalali kwa maneno makali. Siku moja akaniita. Zabibu hazimpi kitu tena, alisema, na wanawe wanataka kuezeka nyumba zao kwa bati. Alitaka kuuza upande mmoja wa shamba, ule mrefu unaofuata njia ya ng'ombe.

Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu tena kwa Kigogo, "Mbukwenyi", nikajua nimepokelewa. Wake zake walikuwepo, na wajukuu, na majirani wawili. Akachukua fimbo yake akaanza kutembea kutoka kwenye ua wa minyaa, akihesabu kwa sauti, mpaka kwenye kisiki cha mkungugu kilichokuwa mwisho wa shamba. Akarudi anahema.

"Mia mbili," alisema. "Viwanja kumi vya hatua ishirini. Mwisho wangu ni kisiki. Ng'ambo ya kisiki si kwangu, ni njia ya mifugo ya wote." Akanitazama. "Au unataka kupima na wewe, mwanangu?"

Ninyi mliokulia mjini mtasema ningepima tu. Lakini kwetu kurudia hesabu ya mzee mbele ya wake zake ni kumwita mwongo hadharani. Lile halikuwa swali, alikuwa ananipima adabu.

"Hapana baba," nilijibu. "Ukishapima wewe, mimi nipime nini tena?"

Alifurahi, tukaletewa togwa. Nilijiona kijana mwenye adabu kuliko wote duniani. Sikufikiri kwamba aliyetembea pale ni mzee wa miaka yake, mwenye goti bovu, na kwamba watakaouziwa watapimiwa na mimi.

Viwanja tisa viliuzika kwa majuma machache. Nilianzia kwenye minyaa, na kila mnunuzi alipofika nilimpimia kuanzia alipoishia mwenzake. Kila mmoja alinitazama miguu akatabasamu, nami nikazidi kuinyoosha. Nilitembea kama askari wa gwaride.

Cha kumi alikuja kukinunua Bi Hadija. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mzaliwa wa Kolo kule Kondoa, mjane. Alikuwa amehama vyumba vya kupanga mara nyingi kiasi kwamba vyombo vyake vya udongo alishaacha kuvinunua, alisema vinamaliza maisha yao barabarani. Alitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia atoke. Alilisema hivyo hivyo tulipokuwa tunakwenda.

Nilianza kupima kutoka kwenye kigingi cha kiwanja cha tisa, yeye ananifuata nyuma, viatu mkononi, anahesabu nami kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja. Mbili. Tatu. Hapo kisiki cha mkungugu kikawa ubavuni mwangu.

Nilikiona. Nataka mlijue hilo, maana watu wengi mtaani wanadhani sikukiona. Nilikiona nikanyamaza, mguu umesimama.

"Nne," akasema Bi Hadija nyuma yangu. "Endelea kaka, nne."

Mbele kulikuwa na uwanda mtupu, vichaka na kinyesi cha mbuzi. Hapakuwa na ukuta wala jiwe. Kama ningesema shamba limekwisha, ningelazimika kurudi kwa wanunuzi tisa kuwaambia miguu yangu imewapa zaidi, au kurudi kwa Mzee Malogo kumwambia hesabu yake si ya kweli. Niliogopa aibu ya huku na aibu ya kule. Nikapiga hatua ya nne, na ya tano, mpaka ishirini, tukachomeka mti, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Hatua kumi na saba za kiwanja kile hazikuwa za Mzee Malogo, na mimi nilijua.

Alijenga polepole, kwa mshahara wa mpishi. Kwanza msingi, mwaka mzima msingi peke yake umeota majani. Kisha boma, halafu bati, halafu madirisha, moja moja. Kisiki hakukitoa. Kilibaki uani kwake karibu na ukuta wa jirani, akakifanya kiti cha kuoshea vyombo. Nilikuwa nikipita kumsalimu ananikaribisha chai akiwa amekaa juu yake, juu ya mpaka wenyewe, na mimi nakunywa.

Mzee Malogo alifariki kabla ya haya mengine, nami nashukuru. Mjukuu wake sasa amepanga chumba kwenye kiwanja cha nne. Analipia kila mwezi kulala mahali alipokuwa akifukuza ndege kwenye uwele wa babu yake.

Siwezi kuwaeleza mtaa ule ulivyobadilika bila kukasirika. Ninyi mnauita "maeneo ya uwekezaji". Mimi ninaona kuta. Kila aliyepata ukuta wa mbele ameutoboa fremu za maduka, kwa sababu jirani yake alitoboa. Fremu ya saluni, ya wakala wa fedha, ya chipsi, halafu nne zimefungwa, zimeandikwa kwa rangi INAPANGISHWA na namba ya simu, na jua limeshaanza kufuta namba. Ng'ambo kuna ghorofa la vioo la ofisi ambalo ghorofa mbili za juu sijawahi kuona mtu akichungulia. Wakati huo huo karani mpya anayeletwa na uhamisho anatafuta chumba cha kawaida cha kulala hakipati, au anakipata anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tumejenga maduka ya kuwauzia watu ambao hatukuwajengea pa kulala. Niliuza mimi hivyo, na ninyi mnaendelea, na sioni atakayesimama.

Kisha ikaja zamu ya mtaa wetu kupimwa rasmi. Vijana walikuja na mashine ya miguu mitatu na kofia za jua, wakapanda mawe ya mipaka, yale mnayoyaita bikoni. Waliangalia ramani za zamani, wakawauliza wazee, wakapanda la mwisho wapi? Uani kwa Bi Hadija, shibiri moja kutoka kwenye kisiki. Vyote vilivyobaki ng'ambo yake, jiko, vyumba, choo, vilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Njia ile ya ng'ombe kwenye mpango wa mji imekuwa barabara pana kama uwanja wa mpira. Wakampaka X nyekundu ukutani, alama ya kuvunjwa.

Alikuja kwangu asubuhi akiwa na kanga ya kazini bado kiunoni. Hakuja kugomba, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kaka Yona, wewe ndiye uliyepima," alisema. "Njoo uwaambie."

Nilikwenda. Kijana wa mashine alinipa shikamoo, akanitafutia ndoo ya kukalia, akanieleza taratibu. Viwanja tisa vya mwanzo, alisema, vyote vimezidi. Hatua mbili kasorobo kila kimoja. Vikipunguzwa kila kimoja hicho kilichozidi, mstari mzima unasogea na cha kumi kinaingia ndani, chote, mpaka kwenye kisiki. Nyumba ingevunjwa, ila Bi Hadija angebaki na kiwanja cha kujenga upya.

"Inawezekana?" nikamwuliza.

"Ramani bado ni rasimu, mzee. Ila lazima wasaini wote tisa. Mmoja akikataa, basi. Na mwisho ni juma lijalo."

Nilirudi nimejaa matumaini ya kijinga. Hatua mbili kasorobo! Nani atakayekataa hatua mbili kasorobo ili mjane asikose kiwanja?

Nilianza na jirani yake wa kiwanja cha tisa, Mwalimu Nasoni, mtu wa kanisani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza niletewe maji.

"Mzee Yona, nakuheshimu," alisema. "Lakini upande ule ndipo lilipo shimo la choo changu. Nikilifukia nitachimba wapi? Na kwa nini mimi nivunje? Kwani mimi ndiye niliyepima?"

Alisema kweli.

Mama wa kiwanja cha tatu alinipokelea mlangoni. Ana fremu sita, tano zina kufuli. Nilimwambia ukuta ukisogea itapungua fremu moja tu, na ile ya mwisho haijawahi kupata mpangaji.

"Itapata," akasema.

"Imefungwa tangu ijengwe, mama."

"Mji unakua, mzee. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia hivyo siku unaniuzia."

Niliyasema. Nilimwambia kila mtu.

Mmoja tu ndiye aliyekubali bila kuvuta pumzi, Mzee Akbar wa kiwanja cha tano, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi na yeye hajui kwao pengine zaidi ya Dodoma. "Chukua, Yona," alisema. "Ukuta nitavunja mimi, tofali ninauza mwenyewe, hasara iko wapi?" Akasaini hapo hapo juu ya kaunta. Nilitoka dukani mwake macho yamelowa. Lakini yeye yuko katikati. Hatua mbili zilizoachwa katikati ya mstari hazimfikii mtu wa mwisho kama walio mbele yake hawasogei. Zingebaki pale kama uchochoro wa kupitia paka.

Nilizunguka siku nne. Wengine walinihurumia, wengine walitoa mchango wa kumsaidia, mmoja alijificha nikamwona pazia likicheza. Wote walikubali kwamba wamezidishiwa. Hakuna aliyesema ni uongo. Saini nilizipata mbili, ya Akbar na ya kijana mmoja ambaye hajajenga bado. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Pale mzee nilikuwa mimi, na aliyeliharibu ni mimi.

Nilipompelekea Bi Hadija karatasi yenye saini mbili, aliitazama, akaikunja, akaniambia nisijisumbue tena. Hakusubiri tingatinga. Alisema likija litavunja bati na madirisha, na hivyo ndivyo vitu vyake pekee vinavyobebeka. Akaita fundi mmoja, wakaanza kuezua wenyewe. Nilikwenda kusaidia kung'oa misumari, kazi ya kukaa chini, ndiyo ninayoiweza.

Alikuwa anarudi Kolo, kwa kaka yake. Ilikuwa zaidi ya miaka thelathini tangu atoke huko. Alisema wifi yake ameshamtengea chumba, akalisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea vyumba vya kupanga.

Ilipofika kama saa nne, bati zimepangwa uani, alikaa juu ya kisiki akajifuta uso.

"Kaka," alisema, "hebu niondolee kitu kimoja moyoni. Uliniambia yule mzee alihesabu mia mbili mpaka hapa. Alituongopea?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli, sijui. Miaka yote hiyo nilijituliza kwamba Mzee Malogo alikosea hesabu, kwamba uzee ulimchanganya.

"Basi twende tukapime," akasema.

Vijana, tulikwenda. Kuta haziruhusu kupita ndani siku hizi, kwa hiyo tulipita nje, barabarani, mbele ya fremu zilizofungwa, kuanzia kwenye ua wa minyaa ambao mwenye kiwanja cha kwanza hajauondoa. Mimi na fimbo yangu, nyonga imekaza, na Bi Hadija nyuma yangu anahesabu kwa sauti. Mama wa fremu sita alitoka mlangoni akatuangalia. Kwenye kiwanja cha sita nilisimama kupumzika, Bi Hadija akaishika namba mdomoni mpaka nilipoendelea. Mwalimu Nasoni tulimsikia akifagia ndani ya ukuta wake, kisha ufagio ukanyamaza.

Tulipofika usawa wa kisiki, Bi Hadija alisema, "Mia mbili."

Nilimwomba arudie.

"Mia mbili, kaka. Imeisha hapa."

Mzee Malogo hakuwa amekosea hata hatua moja. Alitembea kama ninavyotembea mimi sasa, na shamba lake lilikuwa na viwanja kumi, kila mtu na chake, mpaka kwenye kisiki.

Bi Hadija alitazama safu nzima ya kuta, kuanzia kwenye minyaa mpaka kwake, kisha akaitazama miguu yangu.

"Kumbe vilienea," alisema. "Ungekuja tu na miguu hii."

Alikwenda kuinua bati la kwanza, akaniashiria nishike upande wa pili, nikashika, tukalipeleka kwenye gari.